Sala za Watu Walioogopa

Mwanangu Mumbua,

Zamani shuleni tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Niliyaandika maneno hayo mara nyingi nikiwa msichana, kwa shangazi, kwa marafiki, hata kwa baba yako kabla hajanioa, na hofu yenyewe sikuwa nayo. Yalikuwa ya kufungulia karatasi tu. Leo nimeyaandika nikayafuta. Wewe hata hujafika mbali, uko hapo sokoni Katangi unawaaga vijana wa kanisa, na tayari hofu ninayo.

Sitakuambia habari za maji ya kuchemsha wala za sweta. Umemaliza chuo cha theolojia, na juzi askofu alikuwekea mikono kichwani nikitazama. Mambo ya kufua na kupika utajua mwenyewe. Nataka nikuambie habari za hofu, kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu kanisa letu limetoka humo, ingawa hawakuambii.

Kila mwaka tukiadhimisha siku ya kanisa letu, unasikia vile babu ya baba yako, Yohana Nzioka, alivyorudi kutoka kazi ya reli Nairobi akasimama sokoni kama simba akahubiri. Hata ulipokuwa mdogo mliigiza, ukapewa kuwa mbuzi, ukalia kwa sababu ulitaka kuwa Yohana. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Susu yako, mama yake baba yako, ndiye aliyeniambia, na yeye aliambiwa na mama mkwe wake, aliyekuwa mke wa Yohana mwenyewe. Hadithi hii hupita kwa wake wa boma hili, wanaume hawaiulizi.

Yohana alirudi amebatizwa na amejaa woga. Hapa kijijini tayari kulikuwa na watu wa lile kanisa kubwa la wamishonari, walioomba kwa Kikamba. Ndugu zake hawakwenda kanisa lolote, walishika mambo ya ukoo. Yeye alikuwa na dini ya watu wa reli, aliyofundishwa kwa Kiswahili, na hapa hakuna aliyeijua. Aliogopa kuambiwa amekuwa mgeni, anyimwe shamba. Kwa hiyo alinyamaza. Hakumwambia hata mkewe. Ila asubuhi akienda kukama mbuzi, alikuwa akinong'ona zile sala alizozishika kwa kichwa.

Mkewe alisikia mnong'ono wa lugha asiyoielewa, akadhani mumewe analoga mifugo. Alikimbilia kwao. Wazee walimrudisha. Siku moja akajipa moyo, akasimama kwenye mlango wa zizi akamuuliza, "Unamlaani nani?"

Akamjibu kwamba halaani mtu, anaomba.

"Mbona unaomba kama mwizi?"

Mkewe akamwangalia vile anavyotetemeka na maziwa yanamwagika, akasema, "Basi nifundishe. Tukifukuzwa, tufukuzwe wawili."

Hilo ndilo lilikuwa kanisa la kwanza la Kianglikana upande huu wetu, Mumbua. Watu wawili walioogopa, na mbuzi. Baadaye ukoo ulijua kweli, na kweli waliadhibiwa. Walipewa ile sehemu ya mawe matupu kule juu mlimani ambako hata mtama ulikataa. Ndipo kanisa lilipojengwa, kwa mawe hayohayo. Na kwa sababu wa kwanza waliomba Kiswahili, mpaka leo tunaomba Kiswahili na majirani hutuuliza kama sisi ni watu wa Mombasa. Ndiyo maana hata barua hii naiandika kwa Kiswahili, mimi ambaye nikikukemea ni kwa Kikamba.

Nilipoolewa hapa sikuijua hadithi hiyo. Unajua nilizaliwa katika lile kanisa kubwa, na kule nilikuwa maarufu kwa kuomba. Nikifumba macho, maneno yalikuja kama maji ya mfereji. Jumapili yangu ya kwanza hapa nilishangaa kuona watu wazima wameshika vitabu, kiongozi anasoma, wao wanaitikia. Nilipofika nyumbani nilimuuliza Susu kama kweli wanamsomea Mungu kama watoto wa darasa la pili. Baba yako aliona aibu, lakini mama yake hakukasirika. Alikuwa anapepeta mahindi ya muthokoi. Alisema, "Ukiwa na maneno yako, tumia yako. Hizi ni za siku yakiisha."

Nilimwona mzee wa watu asiyejua kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilidhani maneno hayawezi kuisha.

Wewe hukumbuki Mlolongo, kule karibu na Nairobi tulikohamia. Ulikuwa unaanza kutembea kwa kushika ukuta. Tulipanga chumba karibu na barabara kuu, na malori yakipita vikombe vilikuwa vinagongana rafuni. Baba yako alikuwa anachonga mawe ya kujengea machimboni, na mimi nilikuwa nafundisha watoto wa chekechea kwenye banda la mabati. Susu alikuwa amekuja kukuona. Tulikuwa tumeketi nje tunakulisha uji, jua halijawa kali, tukasikia mshindo ambao haukuwa wa lori. Vumbi likapanda upande wa machimbo. Kisha watu wakaanza kukimbia, wengine wakienda kule, wengine wakitoka kule.

Nilikuacha na jirani nikakimbia na slipa moja. Susu alinifuata, na sikujua kwamba mzee yule anaweza kukimbia. Ukuta wa machimbo ulikuwa umekatika kutoka juu na kufunika waliokuwa chini. Waliotoka wakasema Muli, baba yako, yuko ndani, yeye na kijana mmoja wa Mwala. Wanaume wakaanza kufukua kwa mitaimbo na mikono. Mfanyabiashara mmoja Msomali aliyekuwa akipitisha mbuzi wake kwenda kichinjioni aliwashusha wote barabarani, akaleta lori lake na minyororo, wakawa wanavuta mawe makubwa nalo. Mbuzi walitapakaa mpaka kwenye mizani ya malori na hakuna aliyewafuata.

Wanawake waliniambia niombe. Walinijua, kule Mlolongo nilikuwa na kikundi cha maombi. Walisema, "Mama Mumbua, tuombee." Nilifumba macho. Mwanangu, hakukuwa na kitu. Si kwamba nilikosa neno zuri. Nilikosa hata jina la Mungu. Nilifungua mdomo ukatoka upepo. Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vyote vimebebwa, na ukuta wenyewe haupo.

Ndipo Susu alipopiga magoti kwenye kokoto. Hakuwa na kitabu, na angekuwa nacho asingeweza kukisoma, kwa sababu hakusoma. Akaanza litania, ile sala ya kuitikiana ya Kiswahili cha zamani, pole pole, kwa sauti ileile ya kupepeta nafaka. Aliwaombea walio safarini, wagonjwa, wafungwa, wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Nilitaka kumshika bega nimwambie, Mwaitu, mama yangu, hakuna anayezaa hapa, mtoto wako yuko chini ya mawe. Lakini kila baada ya mstari alinyamaza kidogo, akingoja. Na mara ya tatu au ya nne nilijikuta nimeitikia, "Utusikie, Bwana." Neno hilo halikuwa langu, na nilimshukuru aliyelitengeneza. Wanawake wengine wakaitikia. Kisha wanaume waliokuwa wakifukua wakaanza kuitikia pia bila kuacha kazi, hata ambao hawakuwa wa kanisa lolote, kwa sababu lile jibu lilikuwa jepesi na liliwapa mpigo wa kuinulia mitaimbo.

Kijana wa Mwala alitoka akiwa hai, mguu umevunjika. Baba yako alitolewa baada yake, na kabla hawajamfunika nilijua.

Sikuelezi haya ili uone sala ilishindwa, wala ili uone ilifaulu. Nimekaa na siku ile miaka mingi na sijui niiweke wapi. Najua tu kwamba bila yale maneno ya watu wengine ningekaa pale kama jiwe, na kwamba baba yako, kama alikuwa anasikia, alisikia sauti ya mama yake.

Baada ya mazishi hofu ilihamia kwako. Nilikuwa naamka kukuwekea mkono puani nione kama unapumua. Nilikataa kurudi kanisani kwetu. Nilisema kanisa la kusoma limeniulia mume, maneno mabaya ambayo Susu aliyasikia. Nilianza kuzunguka Mlolongo na Syokimau nikitafuta mtu wa kunihakikishia kwamba hutapatwa na jambo. Wewe unakumbuka mahema, nadhani, na spika zilizokutisha. Nabii mmoja alikupaka mafuta akaniambia malaria haitakugusa. Wiki hiyo hiyo ukalazwa na malaria. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chako hospitalini nikamkasirikia yule mtu, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyemlazimisha aseme vile. Hakuna binadamu anayeweza kuniahidi nilichokuwa nakitaka.

Ulipopona tulirudi hapa nyumbani. Jumapili nilipanda mlima nikiwa nimekubeba mgongoni, nimechelewa, nikitegemea kwamba watageuka wote kunitazama. Susu alikuwa kwenye benchi lake. Alisogea tu, tukaketi.

Ungedhani nilipona hofu siku hiyo. La. Nililirudia kanisa, ila wewe nikakufunga kamba. Nilikukataza mto, nikakukataza safari ya shule ya kwenda Mombasa, nikakukataza kwenda na kwaya kuimba Kitui, na ulilia mpaka ukapata homa. Nilipoona hujaenda popote nilifurahi, nikaita furaha hiyo upendo. Nilikosea, Mumbua. Mtoto wa watu nilimfundisha kunificha mambo. Sikulijua hilo mpaka mwezi uliopita, na sasa nalifikia.

Uliporudi ukaniambia umepangiwa parokia ya kule kaskazini, ulisema, "Mwaitu, nimetumwa, sina la kufanya." Nilikubali kwa mdomo. Asubuhi yake nilivaa kitambaa changu cha Muungano wa Akina Mama nikaenda kumwona kasisi wetu bila wewe kujua. Nilimwambia wewe ndiye mtoto wangu pekee. Nilimkumbusha kwamba mabasi ya njia ile yamewahi kusimamishwa na watu wenye bunduki, wakawashusha abiria na kuwauliza ni wa dini gani. Nilimwambia shemasi mwenye kola atakuwa wa kwanza kushushwa. Nilimwomba akazungumze na askofu, upewe kanisa la karibu, hata lile dogo la njia ya Matuu. Nilizungumza sana. Siku hiyo maneno yalikuwepo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, Mumbua hajakuambia?"

Nikamuuliza hajaniambia nini.

"Lile la njia ya Matuu alipewa. Alilikataa. Kule kaskazini hakuna aliyemtuma, ameomba mwenyewe."

Nilirudi kwa miguu, sikutaka kupanda chochote. Nilikuwa na hasira nikakusudia nikufokee. Lakini nilipofika kwenye makaburi ya mlimani nilipumzika hapo kwenye kaburi la Susu yako, na hasira ikabaki ikikosa pa kushika. Umenidanganya, ndiyo. Umenidanganya kama Yohana alivyomdanganya mkewe, kwa sababu uliishi na mtu ambaye uliogopa kumwambia. Mimi ndimi niliyekuwa ukoo. Sikukufokea, na mpaka leo hujui kwamba najua. Sasa unajua. Usiniombe msamaha, wala mimi sitakuomba. Tukianza hiyo hatutaondoka hapa.

Nimejaribu kuelewa kwa nini unataka kwenda. Uliwahi kusema, tukichambua maharagwe, kwamba kule waumini ni walimu wachache na askari na wauguzi, wametoka kila upande wa nchi, hakuna aliye kwao, na kasisi wao aliondoka na hakuna aliyetaka kumrithi. Nilidhani unanihadithia tu. Ulikuwa unaniaga. Wanaitikia peke yao, ulisema, bila mtu wa kuwaanzishia. Nikikumbuka hilo, nakosa la kukukataza. Nabaki na hofu tupu isiyo na sababu ya kusimamia.

Jana nilikwenda dukani kwa Mama Sahara. Unajua yeye na mimi tumesalimiana miaka yote hii, nikinunua leso kwake na yeye akinunua kuku kwangu, na hatujawahi kuingia mambo ya ndani. Nilikuwa nataka uzi. Aliona uso wangu akafunga mlango wa duka nusu, akanipa kiti. Nikamwambia yote. Nilimwambia hata lile ambalo mtu hapaswi kumwambia Msomali, kwamba naogopa watu wa kwao.

Hakukasirika. Alisema hata yeye huogopa. Mdogo wake wa kiume ni dereva njia hiyo, na wale wenye bunduki hawambagui dereva. Alisema pia kwamba hapa kwetu, kila likitokea jambo kule, yeye hufunga duka siku kadhaa na kukaa ndani na watoto, akingoja kusikia kama vijana wa Katangi watakuja kuvunja. Miaka hiyo yote, Mumbua, nilikuta duka limefungwa nikadhani amesafiri. Nilikwenda kununua leso kwingine.

Kisha akatoa kwenye rafu ushungi mweusi, mpana, kitambaa kizuri chepesi, akaukunja akaniwekea mapajani. Alisema ni wa jua na vumbi. Tukatazamana. Akasema tena, taratibu, "Na basi ikisimamishwa, wanawake watakaokuwa karibu naye watamsaidia kuufunga. Wamewahi kufanya hivyo kwa wengine. Mwambie akae karibu na wanawake."

Ushungi huo nimeuweka kwenye mkoba wako mdogo, juu, si chini. Nimeuweka na nikautoa, nikauweka tena. Maana najua ulivyo. Utaniuliza, Mwaitu, shemasi aliyewekewa mikono juzi ajifiche? Nikiulizwa mimi ni nani, niseme mimi ni mwingine? Nimeketi hapa tangu chakula cha mchana nikitafuta jibu la kukuandikia, na mistari niliyoifuta ni mingi kuliko hii iliyobaki. Wako watu watakuambia jibu moja tu ndilo linalofaa. Labda ni kweli. Mimi siwezi kuliandika kwa mkono wangu. Mimi nataka uishi. Najua kwamba aliyetuletea kanisa hili alijificha zizini, na kwamba Mungu hakuona aibu kuanza na yeye. Najua pia kwamba siku alipoulizwa kwenye mlango alisema kweli, akitetemeka, maziwa yakimwagika. Nakuachia yote mawili. Ukifika hapo utakuwa peke yako na Mungu, na sitakuwepo kukuchagulia, na jambo utakalolifanya, lolote lile, mimi nitakuwa mama yako baada yake.

Ila usione aibu kuogopa. Waumini wako watakuwa wanaogopa, na wakiona huogopi watadhani hujui lolote. Ukikosa maneno yako mwenyewe mbele ya jeneza, au kitandani kwa mgonjwa, usijilazimishe kutengeneza mengine. Fungua kitabu. Anza mstari wa kwanza, kisha nyamaza kidogo uwangoje. Wataitikia.

Nasikia mbwa wa majirani, nadhani ni wewe unapanda. Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka basi na sitasema mengi, kwa hiyo nimalizie hapa lililo muhimu. Mama Sahara amempigia dada yake anayeishi mji unaokwenda. Anaitwa Habiba, anauza maziwa ya ngamia sokoni, na amesema hata basi likichelewa atakungoja palepale stendi mpaka akuone ukishuka. Atakuwa na mwavuli wa kijani. Kikamba hajui, mwamkie kwa Kiswahili. Amekwisha kuambiwa wewe ni nani.

Mama yako,
Ndinda